Tumbo Linaanzia Kinywani



Ndugu mumoja wa kanisa, mufanyakazi wa mugodi, alinijia akishika tumbo. «Pasta, tumbo ilianza tena kuniwaka. Dawa nilimeza siku tano, maumivu ikaisha, njo nikaacha.» Pengine wewe pia ulifanya vile. Sikiliza basi.

Zamani watu walisema vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo mengi na pilipili. Lakini mwaka wa 1982, waganga wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walifaulu kuotesha mikrobe inayokaa ndani ya tumbo, Helicobacter pylori. Mwaka wa 1984 Marshall alikunywa mikrobe hiyo yeye mwenyewe, akagonjwa tumbo. Mwaka wa 2005 wote wawili wakapewa zawadi ya Nobel.

Mara nyingi mutu anaipata angali mutoto, nyumbani mwao: kwa mate, kwa matapishi, kwa mikono isiyonawiwa kisha choo. Waganga wameikuta hata kinywani, katika utando unaoshikamana na meno. Dawa tunayomeza inapenya pale kwa shida. Wewe wa mugodi unajua: ukivuta maji ya shimo bila kuziba pale yanapotokea, kesho limejaa tena.

Kurudi kwa ugonjwa hakutoki kinywani kila mara. Mara nyingi ni dawa iliyokatwa katikati. Kwa hiyo:

1. Pimwa kwanza. Munganga akikuandikia dawa, hata za siku 14, zimeze zote. Usinunue kwa kubahatisha sokoni.

2. Sugua meno asubuhi na mbele ya kulala. Borosi haiponyeshi tumbo, lakini kusafisha meno na fizi kunasaidia dawa. Kila mutu na borosi yake.

3. Mama, usimutafunie mutoto bukari. Iponde na kijiko.

4. Nawa mikono na sabuni. Maji ya kunywa, yachemshe.

5. Ukitapika damu, ao choo kikiwa cheusi kama lami, kimbia hospitali siku ile ile.

Mwingine alinijibu kwamba Matayo 15 inatuondolea kazi ya kunawa. Hapana! Pale Bwana alisema juu ya uchafu wa moyo. Hakubariki uchafu wa sahani.

Yule ndugu alirudi kwa munganga, akapewa dawa upya, akazimaliza. Bibi yake akaacha kumutafunia mutoto. Nilifurahi zaidi kwa ajili ya mutoto, maana yeye hawezi kujichagulia anachotiliwa kinywani. Sisi wazazi ndio tunamuchagulia.

Leo jioni, hesabu borosi za nyumbani mwako. Zinaenea watu wote?

Mungu abariki nyumba yako. Tutaonana mwezi ujao.