Mrija wa figo usiishie Upanga

Mgonjwa wa saratani ya mlango wa kizazi anafika hospitali miguu imevimba, chakula hakipiti na mkojo umepungua. Vipimo vya damu vinaonesha figo zimeelemewa. Si kwamba figo zenyewe zina ugonjwa. Uvimbe umekua ukaibana mirija inayoshusha mkojo kwenye kibofu, mkojo ukarudi juu, figo zikajaa maji. Daktari wa saratani naye amekwama, kwa sababu dawa aliyotaka kumwanzishia, cisplatin, huziumiza hata figo nzima. Tiba inasubiri figo, na saratani haimsubiri mtu.

Kinachotakiwa kwa wakati huo ni mrija wa plastiki wenye unene usiofika milimita 3. Mgonjwa analala kifudifudi, anachomwa ganzi mgongoni, yuko macho na anaongea. Daktari anapaka jeli, anaweka kifaa cha altrasaundi juu ya ngozi na kuiona figo kwenye skrini, katikati yake kuna weusi: huo ndio mkojo uliotuama. Anaingiza sindano huku akiitazama ncha inavyokwenda. Mkojo ukichuruzika, anapitisha waya mwembamba ndani ya sindano, anaichomoa sindano na kuuacha waya, kisha anatelezesha mrija juu ya waya hadi ndani ya figo. Waya unatoka. Ncha ya mrija inajikunja humo ndani ili usichomoke, na huku nje unashonwa kwenye ngozi na kuunganishwa na mfuko. Mambo yakienda sawa, saa moja haipiti. Mfuko unaanza kujaa mgonjwa akiwa bado kitandani, na figo zikirudisha nguvu baada ya siku kadhaa, dawa ya saratani inaweza kuanza.

Kazi za aina hii, ambazo daktari huongozwa na picha badala ya kufungua mwili, hospitali zetu zinaziita tiba radiolojia. Kwa mtindo uleule hunyonywa usaha kwenye jipu la ini, hushushwa nyongo iliyozibwa, huchukuliwa kinyama cha uvimbe uliojificha ndani, huzibwa mshipa unaovuja damu, na hukatwa damu inayolisha uvimbe wa kwenye kizazi ili usinyae bila kizazi kuondolewa.

Msimamo wetu ni huu: huduma hii si anasa ya hospitali kubwa, na sehemu yake iliyo nyepesi inapaswa kupatikana katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa.

Wapo watakaosema tunadandia teknolojia mpya wakati zahanati hazina dawa. Kwanza, si mpya. Sindano, waya, halafu mrija juu ya waya ni mbinu iliyochapishwa mwaka 1953 na daktari Mswidi, Sven-Ivar Seldinger. Inasemekana mkubwa wake aliiona ndogo mno kuwa tasnifu ya udaktari, ikabidi kijana atafute mada nyingine. Leo hakuna hospitali kubwa duniani inayopitisha siku bila kuitumia. Mwaka 1964, mjini Portland, Marekani, Charles Dotter aliitumia mbinu hiyo kumpanulia mshipa wa mguu bibi wa miaka 82 aliyekataa katakata kukatwa mguu. Bibi huyo aliendelea kutembea kwa miguu yake miwili. Madaktari wa upasuaji wa wakati ule walimwona Dotter ana wazimu.

Pili, fedha. Anayeogopa bei ya mrija apige hesabu ya kutokuwa nao: mgonjwa kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, au kusafirishwa kwa rufaa na ndugu wawili wa kumwuguza, au kupasuliwa kwa nusu kaputi na kulazwa wodini siku nyingi kwa jipu ambalo lingetolewa kwa sindano. Serikali inalipa sehemu ya gharama hizo, na familia inauza ng'ombe kulipa iliyobaki.

Tanzania haianzii sifuri. Kabla ya mwaka 2018 karibu kila aliyehitaji huduma hizi aliambiwa aende nje au akubali kisu. Ndipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliyoko Upanga jijini Dar es Salaam, pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), walipoanza kushirikiana na madaktari wa Marekani katika mpango wa Road2IR. Wataalamu wa nje wakawa wanakuja kwa zamu, wanafanya kazi bega kwa bega na wenyeji, na sehemu ya vifaa ilikuwa ya msaada. Mwaka 2019 MUHAS ilianza shahada ya uzamili ya miaka 2 katika fani hii. Jambo lililofanywa vizuri hapo ni kwamba wenyeji hawakuwekwa pembeni watazame. Waliishika sindano wenyewe, na sasa wao ndio wanaofundisha.

Mashine nazo hazijakosekana kabisa. Fedha za mkopo wa UVIKO-19 zilipeleka CT-Scan mikoani. Altrasaundi zipo hadi kwenye vituo vingi vya afya. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete imekuwa ikizibua mishipa ya moyo kwa waya na puto kwa miaka kadhaa. Tatizo letu ni kuiona mashine kama mwisho wa safari: inafunguliwa kwa utepe na picha za magazeti, inatumika kupiga picha tu, na hakuna anayeuliza nani mkoani hapo ana idhini na ujuzi wa kuingiza sindano.

Kuna kitu kidogo zaidi kinachokwamisha kuliko mashine. Waya na mrija ni vya kutumika mara moja. Bohari ya Dawa ikiviona kama vifaa vya kigeni vya kuagizwa kwa maombi maalumu, daktari aliyesomeshwa miaka mingi anakaa mikono mitupu. Tunataka seti ya mrija wa figo, sindano za kuchukulia kinyama na mirija ya kutolea usaha viingie kwenye oda za kawaida za hospitali za rufaa, pamoja na glovu na dripu. Msaada wa wafadhili ni mwanzo mzuri, lakini shehena ya wafadhili ina mwisho, na mgonjwa hajui ratiba yao.

Mrija wa figo, kwa mfano, hauwekwi mara moja ukasahauliwa. Kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miezi 3 hivi, na ukiziba au ukichomoka kabla ya hapo, homa inapanda na mgonjwa anaweza kufa kwa sumu ya maambukizi kwenye damu. Fikiria mama aliyewekewa mrija Dar es Salaam akarudi kwao Kasulu. Usiku mfuko unabaki mkavu. Zahanati iliyo karibu haijawahi kuona kitu hicho, na muuguzi kwa nia njema kabisa anaweza kuuvuta. Kubadilisha mrija uliokwishajitengenezea njia ni kazi rahisi kuliko kuuweka wa kwanza, na daktari wa mkoa aliyefundishwa vizuri, mwenye waya na kifaa cha picha, anaiweza. Kumsafirisha mama huyo zaidi ya kilometa 1,000 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kwa ajili hiyo ni kumtesa. Wauguzi wa wilaya nao wafundishwe kuusafisha, kuutunza na kujua lini wapige simu.

Bima ifuate njia hiyohiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na thamani yake itapimwa kwenye kitita cha huduma zinazolipiwa. Bei ya mrija ihesabiwe pamoja na kubadilishwa kwake. Mfuko wa bima unaolipia kuuweka na kugoma kulipia kuubadilisha utakuwa umenunua nusu ya tiba.

Hatusemi kisu kimepitwa na wakati. Utumbo uliotoboka unahitaji daktari wa upasuaji, na haraka. Sindano nayo ina hatari zake: damu inaweza kuvuja, vijidudu vinaweza kuingia, mionzi na dawa ya kung'arisha mishipa kwenye picha vina madhara yake. Mwanamke anayetaka kuzaa anapaswa kuelezwa kwa kina kabla ya kukubali mishipa ya kizazi kuzibwa. Kwa hiyo tunawatilia shaka wanaotangaza redioni tiba ya uvimbe bila kisu, bila maumivu na bila masharti. Baraza la Madaktari liwaulize vyeti vyao, na mgonjwa aulize swali la pili: ikitokea damu inavuja saa nane usiku, nani yuko zamu?

Na kinyama kinachotolewa kwa ustadi mkubwa hakina maana kikikaa wiki kadhaa kwenye chupa kikisubiri mtaalamu wa patholojia. Hao nao ni wachache, na hawatajwi kwenye hotuba za ufunguzi wa mashine. Idadi yao iongezwe sambamba.

Bajeti ya Wizara ya Afya itakaporudi bungeni, wabunge wasiridhike kuhesabiwa mashine. Waombe orodha ya hospitali za rufaa za mikoa, na mbele ya kila jina waoneshwe mambo mawili: kama kuna mtu anayeweza kuweka na kubadilisha mrija wa figo, na kama mrija wenyewe upo stoo. Pale ambapo jibu ni hapana, Waziri ataje lini.