Kwani Turkana Kuna Nani?

Wiki iliyopita niliweka video fupi kuhusu mafuta ya Lokichar. Komenti iliyopendwa kuliko zote, kuliko hata video yenyewe, ilisema hivi: "Si wachimbe tu, kwani kule kuna nani?" Chini yake watu wamejaza emoji za kucheka mpaka machozi. Mwingine akaongeza, "Kuna ngamia na mawe." Na wengine wenu nawajua. Ni wasee wa Busia na Malaba, tumesoma pamoja, tumebebana kwa boda moja watu watatu.

Leo hakuna video. Leo mtasoma.

Tuanze na namba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 katika Kaunti ya Turkana. Busia yetu, ukijumlisha Malaba, Amukura, Nambale, Butula, Funyula, mpaka kule Budalang'i kwenye mafuriko, ilikuwa na watu 893,681. Soma tena polepole. Hiyo kaunti ambayo mnasema haina mtu inatushinda kwa zaidi ya watu elfu thelathini na tatu. Tofauti ni nafasi. Sisi tumebanana kwenye kilomita za mraba kama 1,700, zaidi ya watu mia tano kwa kila kilomita. Wao wana karibu 70,000, kwa hivyo wanatoka watu kumi na tatu hivi kwa kilomita. Wametawanyika, lakini wapo.

Najua jibu lenu. "Sawa, lakini ukipita na gari saa nzima huoni mtu." Ni kweli. Lodwar inapata mvua kama milimita 200 kwa mwaka mzima. Huku Amukura mwezi wa nne ukiwa mzuri hiyo inaweza kunyesha ikaisha kabla ya mwezi kuisha. Sasa chukua ekari mbili kama za babako, na mipaka yake ya ua, uziweke Turkana. Wewe na mbuzi wako mtakufa njaa ndani ya huo ua. Kule nyasi huota pale mvua imeamua kunyesha, na hakuna anayejua itanyesha wapi mwaka huu, kwa hivyo mfugaji lazima awe na uwezo wa kuhama. Lile eneo uliloliona tupu kupitia dirisha la gari ni malisho yanayopumzika. Wenyewe watarudi.

Na si kweli kwamba hakuna mwenye kitu. Kando ya mito kama Turkwel kuna kitu kinaitwa ekwar. Ni kipande cha msitu wa mtoni, na familia inajua miti yake, na kiangazi kikikaza maganda ya ile miti ya miiba ndiyo chakula cha mbuzi. Ukiingia pale bila ruhusa utaulizwa wewe ni nani. Nilisoma jiografia chuo mihula mitatu kabla karo inishinde, na hilo neno ekwar sikulisikia hata siku moja. Kwenye ramani zetu Turkana ilikuwa rangi ya njano tu. Unakariri "eneo kame, idadi ndogo ya watu," unapita mtihani, unakuja kuandika komenti za kijinga kwenye ukurasa wangu.

Halafu ati kule kuna nani! Maze, kule kulikuwa na mtu kabla dunia haijawa na watu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya, aliona kipande kidogo cha fuvu pale Nariokotome, na kikawa mwanzo wa mifupa ya yule kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Lomekwi, upande huohuo wa magharibi mwa ziwa, ndiko zilikopatikana zana za mawe zenye umri wa miaka milioni 3.3, za zamani kuliko zote zinazojulikana duniani. Kama tunaongea juu ya watu kutoa mali kwenye mawe, Turkana ilianza kabla ya kila mtu.

Mtauliza Mteso wa Amukura anatetea Turkana kwa nini. Shangazi yangu ana kibanda cha chai karibu na foleni ya malori pale Malaba. Siku moja utingo mmoja akaingia, kijana mrefu, mchovu, lori lao limekwama kwenye foleni siku ya pili. Akaongea na mwenzake kwa simu kwa lugha yake. Tata, nyanya yangu, alikuwa kwenye kona anachambua wimbi. Akainua kichwa. Amesikia neno. Akamuuliza yule kijana kama anataka maji, kwa Kiteso: akipi. Kijana akaganda. Kwao Lodwar ni ngakipi. Wakaendelea. Maziwa kwetu ni akile, kwao ngakile. Waliongea nusu saa, kila mmoja na lugha yake, wakielewana kama watu wanaosikilizana kupitia ukuta mwembamba. Chai ile shangazi hakumlipisha.

Sisi na wao, na Wakarimojong pale Uganda, na Watoposa wa Sudan Kusini, ni ukoo mmoja mkubwa, Ateker. Na serikali ya mkoloni iliwahi kutuweka upande mmoja. Hii Busia ilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda mpaka 1902, Waingereza wakasogeza mstari, Wateso wengine wakabaki Tororo na wengine wakaamka Kenya. Turkana nayo ilihesabiwa chini ya Uganda, katika Mkoa wa Rudolf, mpaka 1926. Hakuna aliyeuliza Tata wa wakati huo anataka kuwa wapi.

Kabla ya hapo walikuwa wameshapigwa. Mwaka 1918 jeshi la Waingereza lilipita Turkana kwenye msafara ulioitwa Labur Patrol, likaswaga mifugo kwa maelfu. Ukimnyang'anya mfugaji mifugo umemnyang'anya benki, jikoni na mahari ya wanawe kwa siku moja. Baadaye wakaifunga wilaya nzima. Kuingia ulihitaji kibali, kutoka vilevile. Halafu wakaigeuza jela: baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walipelekwa Lokitaung, juu kabisa kaskazini, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar. Mkoloni alijua akimweka mtu pale, nchi haitamsikia.

Ungetarajia mfungwa akiwa rais atakumbuka wenyeji wa jela yake. Mwaka 1965 serikali yake ikatoa Waraka wa Bunge Namba 10. Ndani yake kuna wazo ambalo limewaua watu wengi kimyakimya: pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, usafiri, umeme, na watu walio tayari kwa maendeleo. Wenye ardhi kame wangesubiri. Walisubiri sana. Mpaka leo utasikia mtu wa kaskazini akipanda basi kuelekea Nairobi anasema "naenda Kenya," na sisi tunafikiri ni mzaha.

Tarehe 26 Machi 2012, Rais Kibaki akatangaza kwamba mafuta yamepatikana kwenye kisima cha Ngamia 1. Nchi iliyokuwa imesahau njia ya Lodwar ikajifunza kutamka Lokichar kwa wiki moja. Ghafla ni "mafuta yetu." Njaa ilikuwa yao, mafuta ni yetu.

Wenyeji hawakulala. Mwaka 2013 waliandamana kuhusu kazi na zabuni mpaka kampuni ya Tullow ikasimamisha shughuli kwa muda. Mwaka 2018 waliziba njia, malori ya mafuta yakasimama kwa wiki kadhaa, wakidai usalama, kwa sababu wezi wa mifugo walikuwa wanaua watu huku polisi wakiwa wanalinda visima. Mafuta yenyewe yana nta, yakipoa yanaganda kama Kimbo, kwa hivyo yalisafirishwa kwenye matangi maalum ya kuhifadhi joto mpaka Mombasa. Agosti 2019 Rais Uhuru Kenyatta akaiaga meli ya kwanza, mapipa 240,000, yaliyouzwa kwa dola milioni 12. Picha nyingi, makofi mengi. Mwaka uliofuata malori yakasimama.

Na Sheria ya Petroli ya 2019 iligawa hivi: katika mapato ya serikali, kaunti asilimia 20, jamii ya pale mafuta yanapotoka asilimia 5. Jamii ilikuwa imezoea kusikia 10, bungeni ikashushwa. Kwa madini mengine, kama dhahabu ambayo akina mama wanachekecha kwa karai kwenye mito mikavu ya Turkana, Sheria ya Madini ya 2016 inaipa jamii 10. Kwa nini mafuta yawe nusu ya dhahabu? Sijaona jibu lingine isipokuwa hili: mafuta ni mengi, na wanaodhaniwa kuyakalia ni wachache na wako mbali. Yaani ni ile komenti yenu, imevaa suti.

Msifikiri watu wa magharibi tuko salama kwa sababu tumebanana. Kakamega ni hapo tu. Mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilipitisha sheria kwamba ardhi za Waafrika zilizotengwa ni zao milele. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana Kakamega. Mwaka 1932 sheria ikabadilishwa ili ardhi itwaliwe kwa uchimbaji bila kuwatafutia wenyewe ardhi nyingine. "Milele" ilidumu miaka miwili, na Kakamega haikuwa tupu hata kidogo.

Sasa mambo yameiva tena. Mwaka 2025 Tullow ilikubali kuuza mali zake za Kenya kwa Gulf Energy, kwa angalau dola milioni 120. Makadirio yao ni mapipa zaidi ya milioni 500 yanayoweza kutolewa. Majirani zetu Uganda waliamua tangu 2016 kupitisha bomba lao Tanzania, kutoka Hoima hadi Tanga, kwa hivyo Turkana imebaki na mafuta bila bomba. Lakini safari hii nadhani watachimba kweli.

Na hapa ndipo neno "tupu" linakuwa pesa. Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii ijisajili, ipate hati. Kabla haijasajiliwa, serikali ya kaunti ndiyo inayoishikilia kwa niaba yao, na fidia ikitoka inashikiliwa na kaunti hiyohiyo. Kwa hivyo ukichelewa kujisajili, unaweza kuwa umelisha mbuzi pale vizazi kumi na kwenye faili huna jina. Marsabit walishaona: mradi wa umeme wa upepo wa Ziwa Turkana, mitambo 365, ekari 150,000, na mwaka 2021 mahakama pale Meru ikasema hati za ile ardhi hazikupatikana kwa njia halali. Mitambo ilikuwa imeshasimama na kuzunguka miaka kadhaa.

Na viongozi wa Turkana wenyewe msiwape nafasi ya kujificha nyuma ya hasira zangu. Tangu 2013 kaunti yao ni miongoni mwa zinazopata mgao mkubwa zaidi kutoka Nairobi. Mama bado anachimba mchanga wa mtoni kwa mikono apate maji. Hizo pesa nazo zina wenyewe, na wenyewe wana majina. Usajili wa ardhi ungekuwa kazi yao ya kwanza, kabla ya bendera, kabla ya mikutano ya hoteli.

Wewe wa "kwani kule kuna nani," najua hukuandika kwa ubaya. Uliandika ukicheka. Lakini kuna mtu ofisini anahitaji uendelee kucheka, kwa sababu siku mtu wa Lokichar atakaposimama barabarani, lazima Kenya nzima ishangae ametoka wapi.

Sijaifuta komenti yako. Nimeibandika juu kabisa, na chini yake nimejibu kwa namba moja: 926,976. Tata ameniomba niongeze kwamba yule utingo anaitwa mjukuu wake, na akipita tena Malaba, chai iko.