Mwulize Kijana Wako Kuhusu Katiba Yao

Una mtoto, mdogo wako au mpwa aliye chuo kikuu? Bila shaka umeshamwuliza kuhusu karo, hosteli na chakula. Je, umewahi kumwuliza kama ameisoma katiba ya chama chao cha wanafunzi?

Usicheke. Mimi nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi wa wilaya yetu kabla sijaiona katiba hiyo. Zilikuwa kurasa tisa za taipu, katibu akizihifadhi chini ya godoro.

Mwenzetu alipofiwa na baba yake, tulichanga pesa za kukodi matatu ya kutupeleka mazishini. Nikazitia katika bahasha ya kaki, na juu yake nikaandika kwa penseli majina ya waliotoa. Dereva hakutoa risiti, nami sikuomba. Tuliporudi, minong'ono ikaanza: pesa zilizobaki ziko wapi? Zilikuwepo, hakuna aliyekula hata senti. Lakini ile penseli ilikuwa imefutika kwa jasho la mfukoni, na sikuwa na la kuwaonyesha. Muhula mzima ulipita kabla salamu hazijarudi kama zamani.

Baadaye ndipo nilipozisoma zile kurasa. Kifungu kilikuwemo: kila malipo yawe na risiti na sahihi za watu wawili. Kingeniokoa.

Hapa kwetu Kenya, Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, pamoja na marekebisho yake ya 2016, inagusa mabaraza ya wanafunzi moja kwa moja. Wanafunzi huchagua wajumbe kwa makundi, kila kundi watatu, na wajumbe hao ndio huchagua baraza. Mwenyekiti na makamu wake hawawi wa jinsia moja. Kipindi ni mwaka mmoja, na kiongozi anaweza kurudi mara moja tu. Wapo vijana wanaotamani kila mwanafunzi ampigie kura kiongozi wake moja kwa moja kama zamani, na mimi naona wana hoja. Ila kuhusu ukomo wa kipindi, sidhani kuna wa kubisha. Hata chama cha akina mama mtaani, mweka hazina akikaa miaka kumi, maneno hayakosi.

Lakini sheria haiingii katika kila chumba cha mkutano. Akidi ni watu wangapi? Notisi itolewe siku ngapi kabla? Kiongozi anayelaumiwa atasikilizwa na nani kabla hajaondolewa? Akimjibu vibaya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeuliza habari za hesabu, je? Hayo ni ya katiba yao wenyewe, na ndiyo yanayowagombanisha makomredi usiku wa manane.

Basi sisi tulio nje tufanye nini? Mama, unapofungua daftari la chama chako jioni, mwite kijana akae karibu. Aone unavyoandika aliyelipa na ambaye bado. Baba, mnapobishana mezani, mwache amalize kusema, hata kama unajua amekosea. Huko ndiko kuongoza mkutano kunakoanzia.

Nawe uliye mhasibu, au katibu wa sako, jioni moja ya kuwaonyesha vijana jinsi ya kufunga hesabu za mwaka itakugharimu nini? Wengi wao hawajawahi kuonyeshwa. Siku hizi pesa hupita kwa M-Pesa na ujumbe wake unabaki, afadhali kuliko penseli yangu, lakini simu nayo hupotea. Waambie wanakili kila kitu daftarini.

Likizo hii akirudi nyumbani, mwombe aje na nakala ya katiba yao. Fungueni kile kifungu cha fedha, mkisome pamoja kabla chai haijapoa.