Mradi wa vifaranga usio na bajeti ya joto ni hasara

Msimu wa kuuza pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, ndipo kaya nyingi za Migato, wilayani Itilima, hushika fedha za mkupuo. Wapo wanaozielekeza kwenye ufugaji wa kuku. Tatizo ni kwamba miezi inayofuata, Juni na Julai, ndiyo yenye usiku wa baridi, na kifaranga wa siku moja hawezi kujitengenezea joto la kumtosha. Yule wa kienyeji hujificha chini ya mbawa za mama yake. Wa kununua humtegemea mfugaji.

Mara nyingi mchanganuo wa mradi huorodhesha vifaranga, chakula, chanjo na banda. Joto halimo, huachiwa jiko la mkaa la kupikia. Hasara huanzia hapo.

Tuchukulie mfugaji amenunua vifaranga 100 kwa shilingi 2,000 kila mmoja. Wakifa 20 wiki ya kwanza, 80 waliobaki wanabeba gharama ya wote. Kila mmoja sasa amemgharimu shilingi 2,500, bado chakula.

Kitaalamu, wiki ya kwanza kinengunengu kinahitaji nyuzi joto 32 hadi 35 za sentigredi, kisha zipungue takriban 3 kila wiki. Kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga, si juu ukutani. Asiye nacho awaangalie vifaranga wenyewe: wakirundikana kwenye chanzo cha joto, wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika kote, hali ni nzuri. Mchana, chini ya bati, joto hupanda haraka, hivyo chanzo kiinuliwe au kizimwe.

Usalama nao ni sehemu ya hesabu. Mkaa, hata uliokwisha kukolea, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoua vifaranga na watu. Banda liwe na matundu ya hewa sehemu ya juu, na mtu asilale chumba kimoja na jiko. Jiko likae juu ya matofali, lizungushiwe wavu, mbali na maranda.

Mwenye umeme aifunge taa kwa mnyororo au waya imara, asiining'inize kwa waya wake wa umeme. Taa ya wati 250 ikiwaka saa 24 hutumia uniti 6; kwa wiki mbili ni uniti 84. Gharama hiyo ijulikane kabla ya vifaranga kununuliwa.

Kwa maoni yangu, halmashauri zinazotoa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ziweke sharti moja jepesi. Kikundi kinachoomba fedha za kuku kionyeshe bajeti ya joto, na ofisa ugani alikague banda likiwa limepashwa joto usiku mmoja kabla vifaranga hawajaletwa. Kikundi kilichopoteza vifaranga kwa baridi bado kitadaiwa mkopo wote. Ni nafuu zaidi kukopesha fedha za mkaa, taa na kipimajoto tangu mwanzo.