Msinitajie Karatasi za Choo

Kila nikigusia habari ya kibodi mbele ya waandishi wenzangu, jibu nalijua kabla halijaja. Atatokea mmoja, mara nyingi yule mwenye daftari la jalada la ngozi, anikumbushe kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za choo. Basi, mjadala umefungwa. Wewe nani hata udai kibodi nzuri?

Jamani. Ngũgĩ aliandika kwenye karatasi za choo kwa sababu mwaka 1978 alikuwa kizuizini Kamiti, bila hata kufikishwa mahakamani. Hiyo ni habari ya dola na ukatili wake, si ushauri wa vifaa vya kuandikia. Ukiigeuza kuwa kanuni ya ufundi unamdhihaki mfungwa.

Na watu hao hao watakaa saa nzima wakibishana kuhusu kalamu ya wino. Kalamu ina heshima, eti kibodi ni mambo ya makarani. Lakini riwaya zenyewe mnaziandikia wapi? Kwenye laptopu, juu ya meza ya kulia chakula, shingo imeinama na mabega yamepanda hadi masikioni.

Dai langu ni hili: mkono unaouma hauhariri. Rasimu ya kwanza huja na joto lake, maumivu huyasikii. Shida iko kwenye rasimu ya tatu, pale unapotakiwa kuhamisha aya, kufuta vivumishi, kurudi nyuma sura mbili uone kama jina la shangazi bado ni lile lile. Kazi hiyo ni ya kipanya kuliko ya herufi. Mwenye kifundo cha mkono kinachowaka moto ataitazama sentensi mbovu, aijue kuwa mbovu, na aiache ipite. Nimesoma miswada mingi ambayo sura zake za mwanzo zimepigwa msasa na za mwisho zimeachwa na magamba yake. Wahakiki husema simulizi limechoka. Mimi nashuku mkono.

Henry James alipoanza kuumwa kifundo cha mkono, mwaka 1897, aliacha kuandika mwenyewe akawa anatamka huku karani akichapa. Wasomaji wake wanabishana mpaka leo ni kiasi gani zile sentensi zake ndefu za uzeeni zilitokana na hilo. Kwa hiyo tusiambiane kwamba mwili hauingii kwenye mtindo.

Sisi wa Kiswahili tuna mzigo wetu wa ziada, na sijaona mtu akiusema. Mpangilio wa QWERTY ulikuja na taipureta ya Sholes, iliyoanza kuuzwa 1874 kwa watu wa Kiingereza. Herufi wanayoitumia kuliko zote ni E, nayo imeangukia kidole cha kati, chenye nguvu. Yetu ni A. Chukua ukurasa wowote uhesabu. Na A, kwa anayechapa kwa vidole vyote, iko chini ya kidole kidogo cha kushoto, kile dhaifu kuliko vyote. Andika "baraza": herufi sita, zote za mkono wa kushoto, na nne kati yake ni za kidole hicho kimoja, maana Z nayo iko hapo chini. Andika "watakataa": A tano. Ndugu zetu wa Lubumbashi na Bujumbura wenye kibodi za Kifaransa ndio usiseme. Kwao A imepandishwa safu ya juu na M imesukumwa kando ya L, kwa hiyo neno "mama" lote linaandikwa kwa vidole viwili vidogo. Mimi nilipomaliza tafsiri ya kurasa 300, kidole changu kilikaa na ganzi wiki mbili.

Sasa dukani. Taa za rangi zipuuze, na maneno ya kwenye boksi yapuuze pia. Iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, omba kibodi ifunguliwe uandike "baraza" mara ishirini. Muuzaji atakushangaa, mwache. Unatafuta kitufe kinachoitika kwa mguso mwepesi, kisichokulazimisha kugonga kama unaponda karanga. Vile vimiguu vya nyuma viache vimelala, vikisimama vinakukunja kifundo. Kama si mhasibu, tafuta kibodi isiyo na lile fungu la tarakimu upande wa kulia, ili kipanya kisogee karibu na mkono usinyooke kama wa mtu anayedai nauli. Kipanya chenyewe kijaze kiganja. Kuna vya kusimama, unavishika kama unapeana mkono, mimi navipenda. Vya kuzungusha mpira kwa kidole gumba sivipendi, ila najua watu wanaoviapia. Laptopu iinue kwa vitabu, uweke kibodi ya pembeni. Kamusi nene zinafaa sana hapo.

Dvorak alisajili mpangilio wake 1936 akiziweka irabu zote kwenye safu ya katikati, mkono wa kushoto. Kwa lugha yetu ya konsonanti-irabu, konsonanti-irabu, mikono ingepokezana vizuri, isipokuwa K, J, P na Y nazo ziko kushoto huko huko. Na A? Bado chini ya kidole kidogo! Kompyuta za leo zinaruhusu kubadilisha kitufe chochote, kwa hiyo mpangilio wa Kiswahili unangoja tu mtu wa kukaa na kuupanga.

"Ni ghali," mtasema. Kila warsha ya uandishi niliyohudhuria imenipa fulana yenye nembo ya mfadhili. Ninazo saba. Waandaaji, ya nane siitaki, nipeni kibodi.