Gharama za Ofisa na Mfuko wa Raia



Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho (1 Kor 9:7) ni askari gani aendaye vitani kwa gharama zake mwenyewe. Aliona jibu li wazi. Sisi wa Tunduma, tukaao kando ya barabara kuu na reli ya TAZARA ziendazo Zambia, hatuna hakika hiyo.

Ofisa hupewa amri ya kusafiri usiku huu huu, na masurufu hayajatoka. Hujaza mafuta kwa fedha zake, huwalisha vijana walio chini yake, hulipia malazi, kisha huwasilisha stakabadhi na kungoja. Mwezi Juni mwaka wa fedha hufungwa. Dai lake sasa huitwa limbikizo. Ada ya mtoto imekwisha kutumika. Mtu huyu amelikopesha taifa pasipo kuulizwa, na kumrejeshea si hisani.

Lakini tusimtakase kupita kiasi. Deni lisilolipwa na Hazina hutafuta mlipaji mwingine: dereva wa lori aliye kwenye foleni, mama mchuuzi avukaye kutoka Nakonde, au mzazi aliyepotelewa na mwana, anayeambiwa kwamba gari halina mafuta. Askari walipomwendea Yohane Mbatizaji (Lk 3:14), hakuwaagiza waache kazi; aliwakataza kudhulumu na kuwataka watosheke na mishahara yao. Nasi twaongeza: atatoshekaje na mshahara ulioliwa na kazi yenyewe?

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Serikali ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, na Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi. Hatutetei uasi hata kidogo. Twasema tu kwamba manung'uniko ya malipo hayakubaki kambini.

Wapo watakaotukumbusha Vita vya Kagera vya 1978–79, wananchi walipotoa ng'ombe na vyakula kwa ajili ya jeshi. Ni kweli, na ilikuwa heshima. Walitoa hadharani, kwa nchi iliyovamiwa. Lita 10 za mafuta zinazoombwa kwa kunong'ona, bila stakabadhi, hazifanani na sadaka ile.

Basi viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo wasichangishe fedha za doria pasipo maandishi yanayoonyesha nani amepokea na kiasi gani. Ndugu zetu maofisa watunze stakabadhi zao, wala wasidai siku 5 kwa safari ya siku 2. Wanaofanya hivyo huwacheleweshea haki wenzao waaminifu. Naye mbunge atakapokutana na wananchi, asiulizwe habari za barabara tu. Aulizwe madai ya safari ya watumishi wa ulinzi katika Mkoa wetu wa Songwe, ulioanzishwa 2016, yamekaa miaka mingapi, na ni fungu lipi litakaloyalipa.