Bango la Mchezo si Mbiu Tupu

Wako watu wasemao kuwa bango la mchezo wa kuigiza ni mbiu, na kwamba kazi ya mbiu ni kulia tu. Kwao, kuandika jina la mchezo, siku, saa na kiingilio kwa herufi kubwa, kisha kuweka juu yake uso wa mwigizaji mashuhuri, ni kutimiza wajibu wote. Hujikinga kwa methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mchezo ukiwa mwema, husema, watu watakuja. Ukiwa mbaya, rangi za mchoraji hazitauokoa.

Hoja hii ina sura ya busara, lakini imejengwa juu ya mchanga. Kizuri hujiuza kikiwa mbele ya macho. Embe sokoni hushikwa, hunuswa, hukataliwa au hununuliwa. Mchezo hauna namna hiyo: mtu hutoa fedha kwanza, akaona baadaye. Mgeni asiye na wa kumpasha habari hana ushahidi ila ule ulio ukutani. Basi bango ni neno la kwanza la mchezo wenyewe, na neno la kwanza likiwa uongo, hata la mwisho hutiliwa shaka. Isitoshe, wenye kutaja mbiu wameisahau nusu ya usemi wa wahenga. Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Haikusemwa kuwa yalia tu.

Historia ya sanaa hii yatosha kuwajibu. Alois Senefelder alipovumbua huko Bavaria, mwishoni mwa karne ya 18, namna ya kupiga chapa kwa jiwe, alimpa mchoraji uwezo ambao herufi za risasi hazikuwa nao. Mchoraji alichora kwa mkono wake juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu yenye mafuta. Jiwe likaloweshwa maji, na wino ukashika penye mafuta, ukakataa penye maji. Kila rangi ilidai jiwe lake, na karatasi moja ilipita chini ya mtambo mara kadhaa pasipo kupotoka hata unywele. Jules Chéret aliifanya kazi hiyo mjini Paris tangu 1866, na sheria ya Ufaransa ya Julai 29, 1881 ilipolegeza masharti ya kubandika matangazo, kuta za mji huo zikawa uwanja wa wachoraji.

Hapo ndipo wapinzani hudhani wamepata ngome yao. Husema: Je, bango lililowapa Paris nzima mshangao Januari 1, 1895 halikuwa uso wa Sarah Bernhardt? Ni kweli. Alphonse Mucha alimchora mwigizaji huyo kwa mchezo wa *Gismonda*, amesimama na tawi la mtende mkononi, katika karatasi nyembamba iliyopita urefu wa mita 2. Bernhardt alipendezwa, akafunga naye mkataba wa miaka 6. Lakini ngome hiyo yabomoka mtu atazamapo bango la *Médée* la mwaka 1898. Mwanamke amesimama na kisu chenye damu, macho yamemtoka, watoto wamelala miguuni pake, wamekufa. Apitaye njiani, hata kama hajapata kusikia habari za Medea, hujua kabla ya kununua tikiti kuwa ndani ya nyumba ile mna jambo zito. Uso ni wa mwigizaji, ila kitisho ni cha mchezo. Mucha hakuuza sura. Alisoma kisa, kisha akaitumia sura kukisema.

Kwamba uso si lazima, walionyesha William Nicholson na James Pryde huko London. Walikata karatasi za rangi chache, wakaacha nafasi pana bila kitu, wakaliamini jicho la mtazamaji limalizie. Bango lao la *Don Quixote*, lililokusudiwa ukumbi wa Lyceum mwaka 1895, lilimtoa mpanda farasi mkondefu mbele ya kinu cha upepo, na mtu hupata humo utukufu na upumbavu wa shujaa yule kwa mara moja. Bango hilo halikutumika. Leo husifiwa na wanahistoria wa sanaa; wakati wake halikupata hata ukuta.

Ushahidi mkubwa zaidi umetoka Poland baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1964 Jan Lenica alitengeneza bango la *Wozzeck*, opera ya Alban Berg. Hamna mwimbaji wala mavazi ya askari. Mna kinywa kilichofunguka, na mawimbi mekundu yakikizunguka mpaka ukingoni mwa karatasi. Aijuaye habari ya askari yule maskini, aliyedhihakiwa na wakubwa wake, akamwua mpenzi wake, akafia majini, ataona kuwa mawimbi yale ni damu, ni maji, na ni kilio. Mwaka 1966, katika maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya mabango mjini Warsaw, kazi hiyo ilipata nishani ya dhahabu.

Itasemwa kuwa wachoraji hao walilishwa na serikali, hivyo hawakuhitaji kuuza. Ni kweli kuwa mkono wa soko ulikuwa mwepesi kwao. Lakini mkono wa mkaguzi wa serikali ulikuwa mzito. Uhuru walioupata waliupata kwa kusoma tamthilia kwa undani na kusema kwa mafumbo. Henryk Tomaszewski alifundisha katika Chuo cha Sanaa cha Warsaw tangu 1952 hadi 1985, na sanaa yake ilijulikana kwa wazo lililopunguzwa hadi likabaki kiini.

Wala haki haimruhusu mchoraji kufanya apendavyo. Bango ambalo mpita njia hawezi kusoma jina la mchezo, siku na mahali, ni kitendawili kisicho na mjibu. Herufi ni sehemu ya picha, na mchoraji azidharauye amefanya nusu ya kazi. Lakini kosa hili ni la wachache. Kosa la kuuza nyuso ni la wengi.

Tazama liletavyo. Katika miji mikubwa ya michezo, mikataba ya waigizaji hupima ukubwa wa herufi za majina yao, na mchoraji huitwa baada ya picha kuchaguliwa. Hamlet, Othello na Macbeth hutokea ukutani wamevaa giza lile lile, kana kwamba mwenye shaka, mwenye wivu na mwenye tamaa ni mtu mmoja. Mchezo usio na mwigizaji maarufu hukosa watu, si kwa ubaya wake, bali kwa kuwa hakuna aliyeusoma kwa niaba yao.

Dawa yake si ghali. Mchoraji na apewe tamthilia mapema, aketi katika mazoezi, alipwe kama msanii, na jina lake lipigwe chapa chini ya kazi yake. Vyuo vinavyofundisha tamthilia na viyasome mabango pamoja na maandishi, kwa kuwa mchezo wa jukwaani hupita usiku mmoja na bango hubaki kutoa ushahidi. Nyota njema huonekana asubuhi, na asubuhi ya mchezo ni bango lake.